Musenyeri Kwenye Stoo ya Maharage

Ampli ya Cassien, mashine yake ya kukuza sauti ya gitaa, ilikuwa na jina, na jina hilo hakulitoa yeye. Walilitoa majirani wa Nyamirambo, pale Kigali, siku iliposhushwa kwenye pikapu. Walipoona lile sanduku jeusi linalomfika mtu kiunoni, kitambaa cha dhahabu kifuani, taa nyekundu kama jiwe la pete, mmoja akasema: huyu ni Musenyeri, baba askofu. Jina likamkaa. Na kweli, Musenyeri akianza kusema, hakuna mwingine anayesema.

Sasa Musenyeri alikuwa ampli ya zamani, ya lampe. Ndani yake kuna vichupa vya kioo vinavyowaka polepole kama mshumaa, na vichupa hivyo vina kiburi. Ukimweka kitufe cha sauti kwenye mbili analia kama mbu ndani ya kopo. Kwenye nne anakohoa. Ukimfikisha saba, ah, hapo ndipo anaimba: sauti inanona, inapata mafuta, uzi mmoja unalia kama watu watatu. Shida ni kwamba kwenye saba vikombe vinatembea mezani. Na nyumba za kule zimepandana mlimani, paa la huyu ni kizingiti cha yule. Mtu akipiga chafya chini, wa juu wanampa pole.

Zamani haikuwa neno. Cassien alipiga harusini, alipiga bar, na Musenyeri alihubiria watu waliokuja wenyewe kuhubiriwa. Baadaye harusi zikapata DJ, bar zikapata simu iliyochomekwa kwenye spika, na mji ukaanza kuchukia kelele. Musenyeri akastaafu. Akawekwa sebuleni, akafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ikawekwa picha ya Claudette.

Claudette alikuwa mke wa Cassien. Alifariki mwaka jana. Siku za ikiriyo, siku zile za matanga, watu walijaa uani wakimtazama Cassien, wakingoja alie. Hakulia. Wengine wakasema, huyu ndiye mwanaume. Wengine wakasema, huyu hakumpenda. Yeye mwenyewe alikuwa anangoja pamoja nao. Ukiukalia mguu vibaya unakufa ganzi: unaushika, unaona kabisa ni wako, lakini ni kama umeazima. Cassien alikuwa hivyo mwili mzima, na roho juu yake. Alikula kwa sababu sahani imewekwa. Alioga kwa sababu maji yamechemka. Gitaa lilikuwa ukutani, halikumwita, naye hakuliita.

Ndipo Maneno akaja.

Maneno ni mtoto wa Nyamirambo hasa, kazaliwa nyuma ya msikiti, Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu ya Idi. Cassien alikulia Buyenzi, kule Bujumbura, mtoto wa wakimbizi, akarudi kwao Rwanda akiwa mtu mzima na gitaa mgongoni. Walikutana kwenye harusi moja ambayo mwimbaji aliyealikwa alilewa kabla ya bibi harusi kufika. Tangu siku hiyo mmoja alikuwa koo, mwingine vidole.

Safari hii Maneno alikuja na skafu shingoni, na jua lilikuwa kali. Akakaa. Sauti yake ilitoka na mchanga.

"Cassien, madaktari wamenikatia shauri. Jumatatu."

"Jumatatu nini?"

"Wananitoa kisanduku cha sauti. Kikibaki nakufa, kikitoka naishi bubu. Nikawauliza, hakuna la katikati? Wakacheka kwa adabu."

Cassien akatazama mikono yake. Alijua kabisa kwamba hapa mtu anatakiwa kushtuka. Akajitafuta ndani, kama mtu anayejipapasa mifukoni mlangoni kwake. Hakuna ufunguo.

"Pole," akasema.

"Hiyo pole umeitoa kama chenji," Maneno akamwambia. "Haya, nisikilize. Nataka tuurekodi ule wimbo."

Hakusema upi, hakukuwa na haja. Walikuwa na wimbo mmoja wa kwao wenyewe, walikuwa wakifungia nao harusi zote, na haukuwahi kurekodiwa. Mara ya kwanza mwenye kaseti alihamia Goma na kaseti yake. Mara ya pili umeme ulikatika. Mara ya tatu walikuwa wamegombana, sababu ilikuwa shati. Halafu wakazeeka. Ubeti wa tatu ndio ulikuwa unawamaliza watu: wageni walicheka hadi wanashikana mabega. Na kwa kuwa hapo ndipo gitaa lilikuwa linapanda mlima, noti juu ya noti, Cassien aliinama kila mara, akashukuru.

"Imba kwenye simu," akasema. "Siku hizi simu inarekodi vizuri."

"Mimi siimbi bila huyo askofu wako. Wewe unadhani naingia kwa kuhesabu? Naingia nikisikia anaguna. Asipoguna sioni mlango. Gitaa kwanza, na liwe lenyewe, si la mbu. Halafu mimi. Kabla ya Jumatatu. Baada ya hapo wewe utabaki na gitaa, mimi nitabaki napiga makofi."

Basi kazi ikaanza. Cassien alimwita binti yake, Raïssa, anayekaa Batsinda na anayetengeneza matangazo ya redio: sabuni, unga, godoro, wakati mwingine vifo. Raïssa akaja na kompyuta yake na mikro ya kunasia sauti kwenye mfuko wa sokoni, kwa sababu ukibeba mfuko wa kompyuta kila mtu anajua umebeba kompyuta.

"Papa, siku hizi hakuna haja ya kelele," akasema. "Ampli iko humu ndani ya kompyuta. Unachomeka gitaa hapa, unajisikia kwenye hedifoni, na jirani hajui hata kama uko nyumbani."

Cassien akavaa hedifoni, akapiga kidogo, akavua.

"Vipi?"

"Ni kama kula isombe kwenye picha."

"Lakini unasikia ni tamu?"

"Raïssa, mimi hata isombe ya kweli siku hizi sijui kama ni tamu. Lakini Maneno atajua."

Raïssa tangu msiba alikuwa amejifunza kuyapita maneno ya aina hiyo bila kuyakanyaga. Akatoa picha ya mama yake juu ya Musenyeri, akaifuta kwa kiganja, akaiweka dirishani. Kitambaa cha kufuma akakikunja. Halafu akaleta mikro karibu kabisa na kile kitambaa cha dhahabu, karibu kama mtu anayeungama dhambi.

Kwenye mbili, mbu. Kwenye nne, kikohozi. Wakamfunika Musenyeri kwa blanketi, wakamwegemeza magodoro mbele na nyuma, wakafunga madirisha, wakatoka jasho. Wakajaribu tano. Pale pale sauti ikatoka nyumba ya chini, kali kuliko ampli.

"Cassien weee! Huyo askofu wako anahubiri ndani ya mto wangu!"

Huyo alikuwa Pudentienne, muuza maharage. Naye ni mtoto wa Burundi kama Cassien, na ndiyo maana alimtukana kwa raha, kama ndugu. Pudentienne huamka usiku kupokea malori ya maharage, na hulala mchana. Akilala, anataka dunia nayo ilale.

Hakuishia kupiga kelele. Alimpigia simu Kabagwira, mkuu wa mudugudu, ule mtaa wao. Watu wanamwita Mudugudu tu, kama vile ndilo jina alilopewa na baba yake. Kabagwira alikulia Uganda, Kiswahili chake anakishika kama mtu anayeshika sufuria ya moto, kwa ncha za vidole, lakini anachotaka kusema kinafika.

"Mzee Cassien, mimi nakuheshimu," akasema mlangoni. "Lakini hii ni mara ya pili. Ile ya kwanza ni mwaka gani ule, nilikusamehe. Ya tatu, hiyo sanduku inaenda ofisini. Na iko nzito, mimi sitaki kuibeba. Usinifanye niibebe."

"Sawa, Mudugudu."

"Sawa ya kweli ama sawa ya kunifukuza?"

"Sawa zote mbili."

Hapo ndipo Cassien alipopata wazo. Ganzi ina ubaya wake, na mmojawapo ni kwamba mtu haogopi, na asiyeogopa hafikirii mpaka mwisho. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Kila mtu anatoka na jembe lake kufanya kazi ya mtaa, nyumba zinabaki tupu. Pudentienne hatalala, atakuwa na koleo mkononi. Sasa atasumbuliwa nani? Kuku?

Raïssa hakuweza kuja asubuhi hiyo, yeye ana umuganda wa Batsinda, na barabara zinafungwa. Akamwachia baba yake kompyuta ikiwa tayari. "Bonyeza hapa, Papa. Ikiwa nyekundu, inarekodi." Yeye mpango wake hakumwambia binti. Na Cassien akamtumia Mudugudu ujumbe kwamba goti linamsumbua.

Mpango ulikuwa mzuri, ila alisahau kitu kimoja ambacho hata mtoto wa Kigali anakijua: asubuhi ya umuganda hakuna moto, zile pikipiki za abiria, barabarani. Hakuna basi. Maduka yamefungwa, bar zimefungwa, redio zimezimwa. Siku za kawaida Musenyeri angegombana na injini na honi za mji mzima. Siku hiyo mji ulikuwa kimya kama kanisa kabla ya Injili. Na hao watu wa nyumba tupu walikuwa wapi? Walikuwa wanazibua mtaro, pale chini ya nyumba yake, umbali wa kurusha ndala.

Akamwasha Musenyeri, akangoja vichupa vipate moto. Saba. Akabonyeza, ikawa nyekundu. Akapiga.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Claudette. Vikombe vikatembea. Suruali ikatikisika kwenye miguu. Kioo cha dirisha kikaimba pamoja naye, nusu sauti juu. Kila kitu ndani ya nyumba kilitikisika, na yeye alikaa katikati yake kama mzigo. Vidole vilijua njia, vikaenda. Aliviona vikienda.

Mengine alisimuliwa baadaye. Kwamba kule mtaroni majembe yote yalisimama hewani. Kwamba mzee mmoja wa heshima alianza kucheza na beleshi, akalishika kiunoni. Kwamba kwenye kilima cha ng'ambo, ambako nao walikuwa na umuganda wao, watu waliinua vichwa, wakapiga miluzi, na mkuu wa mudugudu wa kule akampigia Kabagwira simu kuuliza ni sherehe gani na mbona wao hawakualikwa.

Alichokiona yeye ni kidole. Kidole cha Kabagwira, kina tope, kikimzima Musenyeri katikati ya ubeti wa pili. Alikuwa amesimama sebuleni na jembe begani.

"Goti inaendeleaje, Mzee?"

Baada ya umuganda huwa kuna mkutano, watu wanakaa kwenye majani kando ya barabara, majembe yamelala mbele yao. Wakazungumza mambo ya bima ya afya, wakazungumza mambo ya taka. Halafu wakamfikia Cassien.

"Sisi tunachimba, yeye anatuburudisha!" mmoja akapaza sauti. "Mudugudu, na mwezi ujao awepo!"

"Alete na pombe basi!"

"Wewe unacheka, mimi nilijikata kidole cha mguu!"

Kabagwira akainua mkono. "Nilisema mara ya tatu. Hii ndiyo ya tatu. Sanduku inaenda ofisini leo. Mzee, uko na neno?"

Cassien akasimama. Watu wakangoja ajitetee, na walikuwa tayari kumsamehe, maana mkutano bila mtu wa kusamehewa ni mkutano mkavu. Angesema tu habari ya Maneno. Lakini aliwaona kama watu waliosimama nyuma ya kioo, na hakujua agonge wapi.

"Nilikosea," akasema, akakaa.

"Ni hiyo tu?" Kabagwira akauliza, kama mtu aliyepunjwa.

Ndipo Maneno akainuka. Hakuwa amechimba, alikaa juu ya jiwe tangu asubuhi na skafu yake. Akaiteremsha. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ndogo hadi watu wote wakajinyamazisha wenyewe kwa wenyewe ili waipate.

"Mimi ndiye niliyemtuma," akasema. "Jumatatu wananitoa sauti. Nilitaka niache wimbo mmoja. Nilimwomba gitaa tu, sikumwomba atangazie mikoa."

Hakuna aliyecheka mara moja. Walisubiri waone kama yeye anacheka. Alicheka, kwa hewa tu.

"Ariko, jamani nyinyi!" Pudentienne akasimama, koleo mkononi. "Si mungesema? Mimi nilifikiri ni ulevi! Maneno aliimba kwa harusi yangu. Bwana alikwenda, lakini wimbo ulikuwa mzuri."

"Basi mwache apige," mmoja akasema.

"Apige wapi? Kwa kichwa yangu? Hapana. Gitaa silipendi." Akageukia Kabagwira. "Mudugudu, stoo yangu iko na magunia ya maharage mpaka juu ya dari. Siku moja paka alinasa mule nyuma. Alilia tangu asubuhi, mimi niko dukani nauza, sikusikia kitu. Nilimwona nikihamisha gunia. Muweke huyo askofu mule. Bora asumbue maharage yangu kuliko usingizi yangu."

Kabagwira akafikiri. Akatazama jua.

"Leo tu. Mpaka jua ishuke. Na mimi nasimama nje ya mlango. Nikimsikia, nabeba."

Kwa hiyo Musenyeri akasafiri, mabegani mwa wanaume wenye tope la mtaro hadi magotini, akateremka ngazi hadi kwa Pudentienne. Raïssa alifika wakiwa mlangoni, kofia ya abiria wa moto ingali kichwani. Akaingia stoo, akapiga makofi mara moja na kusikiliza. Akapiga tena. Makofi hayakurudi. Maharage yalikuwa yameyameza.

"Papa," akasema polepole, "kazini kwetu walinunua sponji kutoka mbali kwa ajili ya kimya kama hiki."

"Sponji huwezi kuipika," Pudentienne akamjibu.

Wakatoboa pango katikati ya magunia. Musenyeri akaingizwa, uso kwenye maharage, mikro puani kwake, imefungwa kwenye mpini wa fagio. Wakajenga ukuta wa magunia mengine mbele na juu. Nyuma Cassien aliwakataza kuziba.

"Lampe zinapumua," akasema. "Ukimziba mgongo anaungua, na maharage yanaiva."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyosema siku hiyo. Nyaya zikapitishwa chini ya mlango hadi dukani mbele, kwenye mizani na kaunta. Hapo wakakaa yeye na gitaa, Maneno na mikro ya pili, Raïssa na kompyuta, kila mtu hedifoni masikioni. Pudentienne akatolewa nje, akakaa kwenye kreti karibu na Mudugudu.

Cassien akapiga uzi mnene. Kule ndani, saba kamili. Kwenye hedifoni Musenyeri akanguruma kama alivyokuwa ujana wake. Kabagwira akafungua mlango mara hiyo hiyo.

"Nasikia mtu anakwangua sufuria."

Wakatafuta. Ilikuwa beseni la maharage yasiyofungwa, liko kwenye rafu ya stoo. Kila uzi mnene ukipigwa, maharage yanacheza humo ndani, shwaa, shwaa. Wakalitoa nje, Pudentienne akalipakata. Wakaanza tena. Baada ya muda Cassien akaenda mlangoni mwenyewe.

"Mudugudu, vipi?"

"Ninyi anzeni, jua inashuka."

"Tumeshapiga ubeti mzima."

Kabagwira akamtazama Pudentienne. Pudentienne akatazama beseni. "Basi endeleeni," akasema Mudugudu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaweka jembe chini.

"Tusitenganishe gitaa na sauti," Raïssa akasema. "Ampli imefungiwa, sauti ya mzee Maneno haitaingiliwa. Pigeni pamoja, kama harusini."

Maneno akakubali kwa kichwa. Alikuwa anaibana sauti, haitumii bure. Akasogeza kiti hadi magoti yao yakagusana.

Nyekundu. Cassien akaingia, Musenyeri akaguna kwenye maharage yake, Maneno akaona mlango, akapita.

Ilikuwa sauti mbovu. Ilikwaruza, ilipasuka pembeni, kwenye noti za juu ilikuwa hewa tupu. Lakini ilikuwa ndani ya sikio. Miaka yote Cassien alisimama mbele ya Musenyeri akiwa kwenye saba, upepo wa spika mgongoni, na Maneno alikuwa mdomo unaofunguka na kufungika kule mbele. Alijua mahali pa kuingia kwa kuangalia mabega. Sasa Musenyeri alikuwa amefungiwa, na Maneno alikuwa karibu kuliko alivyowahi kuwa: mate yake, pumzi yake kabla ya neno. Ubeti wa kwanza, bibi harusi. Wa pili, mashemeji. Kwa mara ya kwanza Cassien alikuwa anasikia maneno ya wimbo wake mwenyewe.

Wa tatu ukaja.

*Na huyu wa gitaa, msameheni jamani,*
*mama yake alimzaa katikati ya radi.*
*Mimi nabembeleza, yeye apasua kuni.*
*Bwana harusi, ukimvumilia huyu, ndoa hutashindwa.*

Hapo ndipo gitaa linapopanda mlima. Halikupanda. Mkono wa Cassien ulisimama juu ya nyuzi. Si hasira, si kicheko, ulisimama tu, kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Kwenye hedifoni kulikuwa kimya, na Musenyeri anapumua kwenye magunia.

Maneno aliuona mkono. Hakuacha. Akarudia mstari wa kwanza, peke yake, bila gitaa, bila mlango, yeye ambaye hajawahi kuimba hivyo, akimtazama Cassien usoni: *Na huyu wa gitaa, msameheni jamani*. Kwenye *jamani* sauti ikapasuka, ikatoka vipande viwili. Ndipo Cassien akaingia, kachelewa, akapanda mlima kwa miguu ya mtu mwingine, na wakafika mwisho.

Raïssa akasubiri hadi uzi wa mwisho ukafa.

"Nzuri," akasema. "Ila pale katikati, Papa, umeacha shimo. Turudie ubeti wa tatu tu?"

Maneno akafungua mdomo ajibu. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, hewa. Akatikisa kichwa, akafunga skafu yake taratibu, mafundo mawili, kama mtu anayefunga duka.

Jumatatu ikafika, madaktari wakafanya walichosema.

Musenyeri alibaki kwenye stoo. Kumbeba kushuka walipatikana watu, kumpandisha hawakupatikana, na Mudugudu alisema hiyo inamfaa vizuri kabisa. Pudentienne anadai tangu awekwe mle panya wamepungua.

Maneno alikuja kwa Cassien siku ya kwanza aliyoruhusiwa kutembea. Amekonda, shati limekuwa kubwa, kitambaa cheupe shingoni. Raïssa alikuwa ameuleta wimbo kwenye simu, ameusafisha, shimo ameliacha kwa kuwa hakuna cha kuliziba. Wakakaa watatu, akauweka.

Maneno alisikiliza ameinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa inasogea, bibi harusi, mashemeji, hadi ubeti wa tatu. Kwenye *mama yake alimzaa* akainua kidole, akamwelekezea Cassien, mabega yakaanza kutikisika.

"Miaka yote hiyo," Cassien akasema. "Watu wanacheka, mimi nainama kushukuru."

Mabega yakazidi. Machozi yakamtoka Maneno, akayafuta kwa mkono wa shati.

"Na mimi niliwaambia watu kwamba wewe ni mwimbaji. Kumbe mmbeya tu, umepewa gitaa ya kukusindikiza."

Cassien alimwachia Maneno nafasi ya jibu, kama alivyomwachia maisha yake yote, maana Maneno hajawahi kuacha neno lipite bila kulipa. Maneno akafungua mdomo. Cassien akangoja. Wimbo ulikuwa umekwisha, simu imezima kioo, na yeye bado anangoja, hadi Raïssa akamwangalia.

Maneno akafunga mdomo. Akainuka, akalitoa gitaa ukutani bila kuomba, akakaa nalo, kalipakata kama beseni, shingo ya gitaa upande usio wake. Akabana uzi mmoja kwa kidole, akaukwangua. Ulitoa sauti ya mlango wa choo.

"Umebana juu ya chuma," Cassien akasema. "Bana nyuma yake."

Maneno akasogeza kidole. Akakwangua.

"Mbaya."

Maneno akamtolea jicho.

"Ni mbaya, nikudanganye?" Cassien akasogeza kiti chake, akaligeuza gitaa mapajani mwa mwenzake, akakichukua kile kidole, kigumu, cha baridi, akakiweka mahali pake na kukibonyeza. "Hapo. Tena."